Mlima wa Pardo ni wa Nani

San Cosme, 9 Novemba 1896

Kwa mdogo wangu Crescencio,

Salamu nyingi, na kama unazo za kwangu ulizozisahau mfukoni, zitume pia. Sisi huku ni wazima, tukiacha goti langu la kushoto na jogoo aliyechukuliwa na mbweha Jumanne. Pilipili tumezianika, ukuta wote wa mbele umekuwa mwekundu. Mahindi si mabaya. Shemeji yako Teófilo anakusalimu, yuko mlimani na kondoo. Mjomba Nepomuceno naye anakusalimu, anasema huko Santa Fe utafute kinyozi, maana mara ya mwisho ulikuja na ndevu za mbuzi.

Mjomba ndiye burudani yetu siku hizi. Tangu Mahakama ya Madai ya Ardhi itupatie mlima wote, kila Jumapili baada ya misa anakaa kwenye ukuta wa kanisa na kusimulia alivyowajibu majaji. Wewe ulikuwepo, uliona, lakini nakuapia hadithi inanenepa kila wiki. Anasimama, anavua kofia, anaanza: "Wakaniuliza, mzee, mlima wa Pardo ni wako? Nikawaambia, si wangu. Wakauliza, basi ni wa jirani yako? Nikasema, Mungu apishe mbali. Sasa ni wa nani? Nikawaambia, ni wa mfalme, sisi tumekabidhiwa tu." Watu wanacheka, wanapiga makofi, na yeye anaketi kama askofu. Anaamini jibu lile ndilo lililotushindia kesi. Na mimi naamini kidogo.

Alijibu "si wangu" tunavyojibu wote penye jiwe la mfereji, kila mwaka siku ya kuusafisha. Nikaikumbuka ile siku ulipokuwa na miaka sita. Msimamizi wa mfereji alipokuuliza mlima wa nani, ukacheka ukasema "wangu", na baba akalazimika kutoa kondoo dume kwa ajili ya chungu cha kijiji. Watu walikula wakashiba, wewe ukalala kifudifudi siku mbili.

Nina swali. Wiki iliyopita nilipanda kuokota kuni, nikakuta misonobari ya chini imechunwa magome usawa wa kifua, kila mmoja una namba iliyochongwa kwa shoka. Ule mkubwa ulio mlangoni mwa kibanda cha kiangazi cha Mjomba una namba 41. Hakuna mtu wa hapa aliyefanya hivyo, nimeuliza. Wewe unafanya kazi kwa wakili wetu, bila shaka unajua. Serikali ilisema itakata rufaa Washington, tukadhani wamechoka. Hawajachoka?

Dada yako,
Eulogia

—

Santa Fe, 30 Novemba 1896

Kwa dada yangu mpendwa Eulogia,

Nimepokea salamu na nimezigawa, nusu nimekula mwenyewe kwa sababu mama mwenye nyumba hapa anapika supu ya maji. Mimi ni mzima. Theluji imeanguka mara moja. Kinyozi nimempata, mwambie Mjomba.

Kuhusu kesi, ni kweli imefika Washington. Majaji tisa wa Mahakama Kuu wataiangalia. Hawaulizani kama tumekaa San Cosme miaka mia moja, hilo hakuna anayelibisha. Wanachouliza ni kama mahakama ya hapa ilikuwa na mamlaka ya kutoa ilichotoa. Wakili Pruitt anasema tusubiri. Kuhusu magome sijui.

Dada, nina ombi dogo. Pale kwenye tambarare ya kijito, penye kibanda cha kiangazi cha Mjomba, palimwe kabla ardhi haijaganda. Hata mistari michache. Kibanda kiwekwe mlango, na mtu awashe moto ndani yake kila siku moshi uonekane. Usiniulize sababu. Yanayosomwa ofisini kwa Pruitt yanabaki ofisini, alituapisha.

Na Mjomba apunguze kusimulia, hasa mbele ya wageni. Kifua chake si kizuri wakati wa baridi.

Mdogo wako,
Crescencio

—

San Cosme, 20 Desemba 1896

Kwa Crescencio, mtu wa siri,

Salamu za Noeli. Tumefukuza baridi kwa uji wa mahindi ya buluu, na taa za udongo ziko tayari kwa ajili ya ukuta wa kanisa. Goti ni lile lile. Teófilo yuko mlimani, anakusalimu. Kifua cha Mjomba ni kizima kuliko changu na chako tukiviunganisha, kwa hiyo sikujua ulikuwa unasema nini.

Umenifanya nichekwe. Nilime tambarare ya kijito? Pale ni mlimani, Crescencio, umekaa mjini hadi umesahau? Pale wanalisha wote. Nilimtajia Don Plácido, ambaye ndiye msimamizi wa mfereji mwaka huu, nikijifanya nauliza kwa mzaha. Hakucheka. Akasema, "Mwenye kutia jembe pale amesema wangu kwa jembe. Atatoa kondoo, na nitamtaja jina kanisani." Akaniangalia hadi nikaona haya ambayo haikuwa yangu, ilikuwa yako.

Tumepata mgeni. Mmarekani mwenye kofia ya kijivu, na wasaidizi wawili wanaoburuta mnyororo wa kupimia. Alipita kuomba maji, nikampa na maharagwe, kwani ni nani anayemnyima mtu maharagwe. Ni mpole, anajua lugha yetu vizuri. Alimuuliza Mjomba habari za mlima, na ungemwona Mjomba alivyofurahi kupata msikilizaji mpya. Akavua kofia, na yule mtu naye akavua yake. Mjomba akasimulia kuanzia mwanzo. Alipomaliza, mgeni akamwuliza tena taratibu, "Kwa hiyo, mzee, wewe mwenyewe unasema si wako?" Mjomba akasema si wangu. Akauliza tena. Mjomba akajibu tena, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mgeni hasikii vizuri.

Alipoondoka alinishukuru kwa maharagwe. Nimeosha sahani yake mara mbili, sijui kwa nini.

Niambie kuna nini.

Eulogia

—

Santa Fe, 2 Februari 1897

Dada yangu,

Nisamehe kukaa kimya. Barua nilianza, nikachana, nikaanza tena. Mimi ni mzima.

Sina jipya kutoka Washington. Mgeni wenu simjui, lakini akirudi mpeni maji tu, na Mjomba awe amelala.

Narudia ombi langu na safari hii si dogo. Lima tambarare. Weka mlango. Waambie na wengine, kila mwenye kibanda huko juu akalale humo, kila mwenye kipande alichoacha kilale akitie jembe. Don Plácido akitaka kondoo, mimi nitamlipa. Akitaka kunitaja kanisani, anitaje kila Jumapili hadi achoke.

Na jambo jingine, si kwamba nakupeleleza. Mwezi wa kumi na mbili kondoo wote hushushwa bondeni kwa ajili ya theluji. Teófilo amebaki mlimani akichunga nini?

Crescencio

—

San Cosme, 14 Machi 1897

Kwa Crescencio,

Salamu. Tuko wazima. Teófilo anakusalimu.

Jana tumesafisha mfereji. Mimi nilipeleka koleo kwa niaba ya nyumba yetu na sikuwa mwanamke peke yangu, wanaume wamepungua. Tulipofika penye jiwe, kabla maji hayajafunguliwa, Don Plácido akauliza kama kawaida, mmoja mmoja, mlima wa nani. Si wangu, si wangu, si wangu, hadi watoto. Mjomba alijibu kwa sauti iliyowatisha kunguru. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nilipofika mimi nilikuwa na barua yako ndani ya shali, na ilikuwa inanichoma. Nikasema si wangu. Kwani ningesema nini?

Tambarare haijalimwa. Sikiliza nikueleze, kwa sababu naona umesahau tunavyoishi. San Cosme haijawahi kupigana kwa ajili ya malisho. Watu wa vijiji vingine wamechomana visu, sisi hapana, kwa sababu hakuna anayethubutu kusema lile neno. Unataka mimi, binti wa baba yako, niwe wa kwanza, na sababu niwaambie ni nini? Kwamba kaka yangu mdogo wa Santa Fe ameniandikia fumbo?

Ukinipa sababu, nitalima kwa kucha. Usiponipa, usiniandikie tena habari za jembe.

Januari yote nilisubiri barua yako kila siku ya posta. Nakwambia ili ujue.

Eulogia

—

Santa Fe, 28 Mei 1897

Kwa dada yangu mpendwa Eulogia, na kwa wote wa nyumbani,

Nawasalimu wote. Mimi ni mzima wa mwili.

Hukumu imetoka. Naandika mapema niwezavyo ili usisikie kwa watu baki. Mahakama Kuu imesema kwamba Mahakama ya Madai haikuwa na mamlaka ya kutupatia mlima. Wanasema iliundwa iwape watu kile walichokuwa nacho kwa haki, basi. Nyumba na mashamba yaliyolimwa, hayo ni yenu, hakuna atakayeyagusa. Lakini mlima, malisho, msitu na kijito, wanasema havikuwahi kutoka mkononi mwa mfalme wa Hispania. Mfalme akaiachia Mexico, Mexico ikaiachia Washington. Kwa hiyo ni mali ya serikali, na mahakama ya hapa haiwezi kugawa mali ya serikali.

Kama vyote tulivyodai ni mkono mmoja, sehemu tuliyobakiziwa ni ukucha.

Wanasema pia kwamba jambo hili halina ubishi mkubwa, kwa kuwa mashahidi wenyewe walikiri kuwa mlima si wao.

Wakili Pruitt anasema hakuna mahakama nyingine juu ya hiyo. Nilimuuliza mara mbili.

Msiende mlimani kukata kitu chochote kwa sasa. Kuokota tu kunaweza kuwa kosa, bado sijajua. Nisamehe, dada.

Crescencio

—

San Cosme, 19 Julai 1897

Crescencio,

Barua yako ilifika siku tisa baada ya habari. Tulisikia dukani, kutoka kwa mtu aliyekuja kununua misumari kwa ajili ya uzio. Misumari mingi sana. Alituambia inakwenda wapi, na hakuwa na ubaya, alidhani tunajua.

Uzio umeshapita juu ya kijito. Mwenye kofia ya kijivu anasimamia, ana askari wa msitu wawili wenye farasi. Ananisalimia kwa jina langu.

Umeandika mashahidi. Shahidi alikuwa mmoja. Wengine walisema habari za mipaka na mito, aliyeulizwa wa nani ni mmoja tu. Na wewe ulikuwa unajua tangu Novemba. Ndiyo maana ya kifua chake na baridi, ndiyo maana ya kumlaza wageni wakija. Basi ungeniambia, Crescencio. Ningelima. Ningempeleka Don Plácido mwenyewe akashike jembe. Kumbe wewe uliogopa wakili, nami niliogopa kondoo mmoja.

Mjomba aliniomba nimsomee barua yako. Macho yake siku hizi hayaoni wino. Watu walijaa barazani, nikasoma. Nilipofika kwenye ule mstari niliuruka. Nikasoma badala yake kwamba San Cosme ilichelewa kujiandikisha. Nilitunga palepale na sikusita, au nilidhani sikusita. Mjomba akanyoosha mkono. "Rudia pale ulipovuta pumzi," akasema. Nikarudia, tulichelewa kujiandikisha. Akatikisa kichwa akaomba kofia yake.

Tangu siku ile hakai kwenye ukuta wa kanisa. Misa ikiisha anakwenda nyumbani moja kwa moja.

Uliuliza habari za Teófilo na sikukujibu. Teófilo yuko Colorado, anachimba makaa ya mawe tangu Novemba mwaka jana. Alipoona namba kwenye miti alisema mlima umekwisha, twende zetu wote. Nilimwita mwoga mbele ya mama yake. Akaondoka peke yake, nami nikakuandikia kwamba anachunga kondoo. Sasa sote wawili tumedanganyana, hatudaiani.

Eulogia

—

Santa Fe, 11 Oktoba 1897

Kwa dada yangu Eulogia,

Salamu, kama bado unazipokea. Sikuandika mapema kwa kuwa ulichosema ni kweli na kweli haina jibu.

Nitakwambia sasa lile ambalo halitasaidia. Novemba ile nilipewa kunakili hoja za serikali kwa ajili ya wakili wetu. Jibu la Mjomba lilikuwa pale, neno kwa neno, ila walikuwa wameondoa kofia, ucheshi na watu waliokuwa wanacheka. Lilikuwa limebaki jibu tupu. Na mmoja wa waliocheka siku ile mahakamani nilikuwa mimi. Nilicheka hadi karani akanikata jicho. Nilikuwa nimesomea kazi hii, Eulogia, nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, na sikuona alichokuwa anakifanya. Nilimwona mjomba wangu tu, akiwa mwungwana kama alivyofundishwa.

Nilidhani ukilima wangeona kuna mtu. Leo najua isingefaa, walikuwa wanahesabu mashamba ya zamani. Ulikuwa sahihi kukataa. Sijui kama hilo linakupunguzia chochote.

Nimeacha kazi kwa Pruitt. Niko kwenye kiwanda cha mbao karibu na stesheni. Magogo yanakuja kwa reli yakiwa na magome yake. Wiki iliyopita nilivingirisha moja nikaona namba. Ilikuwa 41. Niliwaambia nina homa, nikaenda kulala.

Mjomba asijue. Nakuomba hilo tu. Mwache aamini tulichelewa kujiandikisha. Kuni za majira haya mtapata wapi?

Sitakuja Noeli. Sijui nitamtazama vipi.

Crescencio

—

San Cosme, 21 Machi 1898

Kwa mdogo wangu Crescencio,

Salamu nyingi kutoka kwa wote waliobaki. Sitajifanya kwamba tuko wazima, lakini tupo. Teófilo ameandika, anakohoa, anataka kurudi na hajui kurudi kwenye nini. Majirani wa pande zote mbili za nyumba yangu wamefunga milango na kwenda Colorado.

Uliuliza kuni. Tulichoma nguzo za zizi, kisha kitanda cha kufumia cha mama, kisha milango ya vyumba tusivyolala. Mtoto wa Don Plácido alikamatwa akiwa na punda aliyebeba matawi makavu, wakamweka ndani wiki mbili. Matawi makavu, Crescencio, ambayo upepo umeangusha. Mjomba alihamia kwangu Januari kwa sababu moto mmoja unatosha watu wawili. Alikaa mbele ya moto huo bila kusimulia lolote.

Wiki hii ilikuwa siku ya mfereji. Kulikuwa na ubishi kwanza. Wengine walisema mwaka huu swali lisiulizwe, litakuwa kujitia chumvi kwenye kidonda. Don Plácido akasema maji hayajawahi kufunguliwa bila swali na yeye hatakuwa msimamizi wa kwanza. Tukasafisha. Tulikuwa wachache, kazi ikachukua siku nzima na nusu ya pili. Juu yetu uzio ulikuwa unaonekana wazi, na wale wapanda farasi wawili, na mwenye kofia ya kijivu kati yao. Walikuwa wanatutazama tukichimba.

Tukafika penye jiwe. Anayeanza ni mkubwa kwa umri, unajua. Mjomba alikuja taratibu kutoka nyuma, nikaona anavuta kamba, na kwenye kamba kuna kondoo dume, yule mwenye sikio jeusi, wa mwisho aliyekuwa naye. Nilidhani akili imemruka. Don Plácido akamwuliza, "Mlima wa nani, mzee?"

Mjomba akavua kofia. Akageuka, si kwa Don Plácido, akawaelekea wale wa uzio.

"Wangu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Don Plácido akasema kwa upole, "Mzee, adhabu yake unaijua."

"Naijua. Nimekuja naye."

Akamkabidhi kamba. Kisha akanitafuta kwa yale macho yake yasiyoona wino, akasema mbele ya wote, "Eulogia, wewe ni msomaji mbaya sana. Nilijua siku ile ile. Nilitaka tu nione kama utaniambia." Nikalia pale pale, koleo mkononi, na sikujificha. Alikuwa amekaa na jambo lile tangu Julai, karibu na moto wangu, akinilinda mimi nisijue kwamba anajua.

Zamu yangu ilipofika nikasema wangu. Baada yangu mjane wa Urioste akasema wangu. Kisha wote, mmoja mmoja, hadi watoto, na kila nyumba ikaenda kuleta kondoo wake. Don Plácido alijiuliza mwenyewe kwa sauti, akajijibu, akaenda kuleta wake. Malisho hatuna, Crescencio. Tungewauza kwa bei ya ngozi au wangekufa zizini. Tukawachinja pale juu ya mfereji, tukawasha moto kwa mpini wa kila koleo lililokuwa limevunjika, na tukala siku mbili hadi kijiji hakina kondoo hata mmoja isipokuwa yule nitakayekutajia.

Mwenye kofia ya kijivu alishuka hadi kwenye waya. Akauliza ni sikukuu ya mtakatifu yupi. Don Plácido akafuta kisu, akamjibu, "Si sikukuu. Tunalipa faini." Yule mtu akasimama kidogo kama anayetaka kuuliza neno, kisha akapanda farasi akarudi. Jioni walikuja kufunga waya mwingine juu ya ule wa kwanza.

Mjomba alikula kidogo. Ana homa tangu juzi na kifua chake sasa kweli ni kibaya, ugonjwa uliomzushia umempata. Padri amekuja na ameondoka. Nilimweleza uliyoyaandika, yote, na kicheko chako mahakamani. Halafu akasema kwamba katika San Cosme nzima, tangu jiwe lile liwekwe, ni mtoto mmoja tu aliyewahi kulijibu lile swali walivyotaka Washington, nasi tulimchapa.

Anakuulizia kila mlango ukilia. Umebaki wewe tu hujaulizwa. Kondoo wako nimemfunga nyuma ya nyumba, na majani niliyonayo ni ya siku chache. Njoo.

Dada yako,
Eulogia